Mepo ya Kijapani chunguni: je, itaishi Unguja?

Mkaazi wa Fuoni aliuliza:
Assalaam alaykum. Kaka yangu anayeishi Uingereza ana mepo ya Kijapani, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Acer palmatum, aliyoikuza chunguni kwa mtindo wa bonsai, yaani kuufanya mti ubaki mdogo chunguni kwa kuupogolea na kuutia umbo, na ameahidi kunioteshea mizizi kwenye tawi moja ili aniletee mche. Naomba kujua kama mti huo utastahimili hali ya hewa ya Unguja, na nianze vipi kuutia umbo. Nina kivuli cha mwembe upande wa mashariki wa nyumba, na maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo.

Mtunza Miche, Mwanakwerekwe:
Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Ushauri wangu ni usiilete. Mepo asili yake ni Japani, Korea na Uchina. Hupukutisha majani baridi inapokaribia, kisha hulala, na macho yake, yaani vifundo vinavyotoa machipukizi, hayaamki sawasawa mpaka yapitiwe na wiki kadhaa za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 hivi. Kwetu, hata kipupwe kikikaza, usiku huwa ni nyuzi 20 na kitu. Mti ulionyimwa usingizi huo huchipua ovyo kwa kula akiba yake wenyewe, hudhoofika mwaka hadi mwaka, na mara nyingi hufa. Chumvi ya kisima nayo itaunguza kingo za majani, kwa kuwa ni membamba mno.

Kuna watakaokwambia utumie mbegu, kwa sababu mbegu za mepo zikikaa kwenye friji yenye nyuzi 4 kwa miezi mitatu au minne huota vizuri. Ni kweli huota, lakini mche utakaopata utadai baridi ileile kila mwaka, na wala hautafanana na mama yake. Ndiyo maana aina maarufu hubebeshwa, yaani kitawi cha mama huungwa kwenye shina la mche mwingine.

Njia anayoitumia kaka yako, ya kuotesha mizizi tawi likiwa bado mtini, hata hivyo, jifunze, kwani inafanya kazi kwa miti yetu pia. Gome huchunwa kwa mzunguko, upana wake ukiwa mara moja na nusu hadi mara mbili ya unene wa tawi, na ule utelezi wa kijani uliobaki chini ya gome hukwanguliwa mpaka ubao wa tawi uwe mkavu na mweupe. Ukiacha hata uzi mmoja wa kijani, gome huunga daraja na mizizi haitoki. Kisha jeraha hufunikwa kwa usumba wa makumbi uliolowekwa na kukamuliwa, likafungwa kwa nailoni iliyokazwa juu na chini.

Mkulima wa Wete:
Naunga mkono, na napendekeza mkwaju. Unaota wenyewe hata kwenye ardhi ya mawe, majani yake madogo yanafaa mti mdogo, na gome hupasuka likaonekana la kizee mti ukiwa bado mchanga. Loweka kokwa usiku mmoja kabla ya kupanda, na mche ukishafika shubiri moja ung'oe taratibu ukate mzizi mkuu, ili mizizi ya pembeni ienee. Mzizi huo ukiachwa, mti hautakaa kamwe kwenye chungu cha kina kifupi. Kwa udongo, ponda matofali ya kuchoma, chekecha utoe vumbi, uchanganye na mboji kidogo. Mchanga wa pwani usiuguse.

Anayetaka njia ya haraka apande mkomamanga: kijiti kilichokomaa, unene wa kalamu ya risasi, hushika mizizi bila taabu masika yakianza.

Mkaazi wa Fuoni:
Nimewafahamu, na nitamwambia kaka abaki na mche wake. Mkwaju wenyewe nautia umbo kwa waya, au kwa kupogolea tu?

Mtunza Miche, Mwanakwerekwe:
Kwa vyote viwili, lakini mkwaju ukishakomaa huwa mgumu na tawi hukatika ghafla, basi waya uwe wa vitawi vibichi. Tumia waya wa alumini wenye unene wa thuluthi ya tawi hivi, uzungushe kwa mshazari wa nyuzi 45, kisha ukunje tawi kidogo kidogo huku kidole gumba kikiliegemeza upande wa ndani wa kunjo. Wakati wa mvua ukague kila wiki, kwa sababu tawi hunenepa upesi, na waya ukizama kwenye gome huacha kovu la miaka. Ukiona unaanza kubana, ukate kipande kwa kipande badala ya kuuzungusha kuutoa. Matawi mazito yapogolee tu: kata juu ya jicho linaloelekea upande unaotaka tawi jipya liende. Chungu kikae kwenye jua la asubuhi, wala si chini ya mwembe, na ukusanye maji ya mvua kwa ajili ya kumwagilia.