Tupeane uzoefu: mtu akikuandama Mombasa, sheria inashika wapi na inateleza wapi?

Kibokoni_Mwanzo
Waungwana, leo tupeane uzoefu juu ya kuandamwa. Mtu anakungoja stendi kila jioni, anakufuata hadi mlangoni, ukimzuia laini hii anakuja kwa nyingine. Visa vya nani alimfanya nani tuviache, hivyo tunavijua. Leteni kinachofanya kazi kituoni na kortini, na kinachokwamisha.

BiTudor
Kinachokwamisha kwanza ni kufika kituoni na neno moja tu, "ananisumbua". Hilo halijengi kesi. Fungua daftari, na mstari wake uwe hivi: "Jumanne 4 Machi 2025, saa 12:40 jioni, stendi ya Buxton. Amesimama ng'ambo ya barabara dakika 15, fulana ya kijani, pikipiki namba fulani. Ameonwa na mama wa mahamri." Andika siku ile ile, kwa kalamu, usiruke ukurasa. Tukio moja likisimama peke yake linachekesha (mtu kasimama stendi, kosa lake nini?). Yakifika kumi kwa tarehe na saa, hata afisa mvivu anaona.

Mwambie mara moja, kwa maandishi: usinifuate, usinipigie. Kisha kimya. Ukimjibu tena, hata kwa matusi, wakili wake atasema mlikuwa mkizungumza.

Kituoni ulizia dawati la jinsia, na soma kilichoandikwa kabla hujaondoka na namba ya OB (daftari la matukio la polisi). Ukikuta "ugomvi wa wapenzi", omba kisahihishwe papo hapo. Kila tukio jipya rudi, taja namba ya OB ya mwanzo, zisije zikawa ripoti tano zisizojuana.

SheriaMitaani
Mwanya uko hapa. Kanuni ya Adhabu ya Kenya haina kosa linaloitwa kuandama. Kiongozi wa mashtaka huokota vipande: kutisha na kusumbua, kifungu cha 238, miaka 3, kutishia kuua, kifungu cha 223, miaka 10. Asiyetamka tishio, akawa anakukodolea macho tu kila siku, anapenya katikati.

Sheria ya 2015 ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani imetaja kuandama waziwazi, ila inamfaa mwenye mafungamano na huyo mtu: mume, mtalaka, mchumba, ndugu, mliyezaa naye, au mwenye uhusiano wa karibu. Mteja wa dukani aliyekukazania hayumo.

Uingereza walikuwa na sheria ya usumbufu tangu 1997, wakaona haitoshi, 2012 wakaongeza kosa la kuandama kwa jina lake. Tangu 2020 polisi wa huko wanaweza wenyewe kuomba amri kortini kumzuia mtu, awe alijuana na mwathiriwa au la. Hilo ndilo ningeiga kabla ya kuongeza miaka ya kifungo.

MamaLikoni
Kaka, na mwenye mtalaka je? Wengine huambiwa waende kwa kadhi.

SheriaMitaani
Dada, kadhi ni wa ndoa, talaka na mirathi. Amri ya ulinzi ya sheria hiyo ya 2015, ya kumzuia asikusogelee, huombwa kwa hakimu, kwa hati ya kiapo pamoja na nakala za daftari na OB. Hakimu anaweza kutoa ya muda bila kumsikiliza mwandamaji kwanza. Nyingi hufia kwenye kukabidhi: amri ikitolewa, mwandamaji hafikishiwi, na akirudi mlangoni anasema hakujua. Dai kiapo cha aliyeipeleka, chenye siku, saa na mahali. Nakala moja ikae pochini, nyingine ipeleke kituo cha karibu na nyumbani, maana afisa wa zamu ya usiku haijui kesi yako. Mwandamaji akiivunja amri ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au jela isiyozidi miezi 12, au vyote viwili. Kwangu mimi ni ndogo mno.

Shanzu kuna mahakama maalumu ya ukatili wa kingono na kijinsia tangu 2022. FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi hapa Mombasa, na 1195 ni simu ya bure ya kuripoti ukatili wa kijinsia.

FundiMwembeTayari
Upande wa simu, skrinishoti nyingi hazifai kwa sababu zinaonyesha jina ulilomhifadhia, "Shetani 2", namba haipo. Fungua maelezo ya mtu huyo, piga picha namba ikionekana, kisha ujumbe na tarehe yake. Ujumbe wa kujifuta upige picha kwa simu ya pili. Simu yenyewe usiiuze wala kuifuta: kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti cha aliyetoa nakala hizo, na korti huweza kutaka kukiona chombo.

Kabla ya kubadilisha laini, angalia vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp. Mara nyingi "amejuaje nilipo" jibu lake ni kompyuta ya zamani ambayo haikuondolewa.

Sheria ya 2018 ya makosa ya kompyuta, kifungu cha 27 cha usumbufu wa mtandaoni, haiulizi kama mlijuana. Unaomba amri, hata nje ya saa za kazi, hata kupitia mtu mwingine. Korti iamue ndani ya siku 14, na inaweza kuiagiza kampuni ya simu itaje mwenye laini.

BiTudor
Nilisahau: kama mwandamaji ana ufunguo wa nyumba, daftari likae kwa jirani. Kila ukurasa ukijaa, piga picha umtumie mtu mmoja unayemwamini, kisha ifute kwako.