Naomba ushauri: kujaribu krimu ya uso kwa malipo

Habari zenu wakuu. Nimechaguliwa kwenye utafiti wa kujaribu krimu ya uso kwa wiki 4, malipo mwishoni. Kwanza walinibandika kiraka chenye krimu mgongoni, nikakaa nacho saa 48 bila kukilowesha. Kilipobanduliwa pakabaki duara jekundu, linawasha kidogo. Wanasema ni kawaida, lakini roho yangu haijatulia, maana uso si mgongo.

Fomu ya ridhaa ya hatua inayofuata bado sijasaini. Inasema naweza kujitoa wakati wowote, ila haisemi kama nitalipwa siku nilizoshiriki, wala nani atagharamia matibabu nikidhurika. Mliowahi kushiriki, haya mliyaulizaje? Na huo wekundu, niendelee au niishie hapa? Hela naihitaji kweli.