Nauza burotiki yangu njia ya Kasapa: tangazo niliweke wapi mnunuzi wa kweli alione?

Yaya_Burotiki

Jambo yenu wote. Nina burotiki ndogo (duka la kuchapa na kutoa fotokopi) hapa Lubumbashi, njia ya kwenda kampasi ya Kasapa. Ina miaka sita sasa. Bwana wangu alipata kazi Kolwezi, na mwaka mzima tumeishi mguu huku, mguu kule. Watoto wanamwona baba yao mara moja kwa mwezi. Tumeamua kuhama kabla masomo hayajaanza. Ndani kuna fotokopi kubwa mbili (moja imechoka, sifichi), kompyuta tatu, imprimanti ya rangi, mashine ya kufunga memwari (kazi ya mwisho ya mwanafunzi wa chuo) na grupu (jenereta) ya petroli kwa ajili ya delestaji, umeme ukikatwa. Kuna pia kijana niliyemfundisha mwenyewe, leo ananizidi kazi. Naomba dola 4,500 kwa vyote.

Niliweka picha ya fotokopi na bei kwenye Marketplace ya Facebook. Siku tisa, ujumbe zaidi ya arobaini, na karibu wote ni swali moja: "Fotokopi peke yake bei gani?" Mmoja alisema ananitumia avansi (malipo ya mwanzo) kwa M-Pesa, halafu akataka nimsomee namba za siri zilizoingia kwenye simu yangu. Nilikata. Lakini kilichoniuma ni kingine. Mwanafunzi ambaye ni mteja wangu tangu mwaka wa kwanza alikuja akaniuliza, "Mama, nasikia munafunga?" Memwari yake akaipeleka kufungwa kwingine. Nakala tano zile, jalada gumu, herufi za dhahabu, na toka mwanzo kazi yake tuliichapa sisi.

Sitaki burotiki ikatwe vipande kama mbuzi. Ndugu yangu aliye Ulaya anasema kuna tovuti za kuuza biashara nzima nzima. Niende huko? Nibaki WhatsApp? Nimpe komisioneri (dalali)?

Mwana_Katuba

Yaya, pole. Lakini uliweka picha ya mashine, ndiyo maana watu wanaulizia mashine. Marketplace watu wanaitafuta kwa kitu: friji, simu, fotokopi. Hakuna anayeandika pale "natafuta burotiki yenye wateja". Ondoa tangazo lile leo hii, kabla kijana wako hajaanza kutafuta kazi mahali pengine. Umeshamwambia?

Yaya_Burotiki

Bado, Papa. Naogopa.

Mwana_Katuba

Mwambie wewe kwanza, kesho asubuhi. Akilisikia kwa wateja utampoteza, na mnunuzi ataikuta nyumba ya mashine tu. Tena muulize kama yeye mwenyewe hana mjomba mwenye pesa. Mimi nilinunua saluni ya kunyoa hivyohivyo, kupitia kijana aliyekuwa ananyoa ndani.

Depo_Kenya

Mimi niliuza depo yangu ya vinywaji katika komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi. Nilitangaza Facebook miezi miwili bure. Aliyeninunua aliletwa na dereva wa gari la kusambaza bia, kwa kuwa dereva yule anajua nani anauza sana na nani anatafuta pa kuanzia. Kwako wewe mtu huyo ni muuza toneri na karatasi, na fundi wa fotokopi. Fundi anaingia burotiki zote za mji, anajua nani amepata pesa na anataka duka la pili. Mpe ujumbe wa sauti, dakika moja, auhifadhi kwenye simu yake. Akileta mtu na mkasaini, mpe chake. Usimpe mbele.

WhatsApp ni nzuri, ila status inakaa saa 24 tu na wanaoiona ni wale wenye namba yako, na wengi wao ni wateja. Hao ndio hutaki wajue. Iwekee mipaka: chagua watu wa kuionyesha, kina mama wa likelemba (mnaochangiana pesa kwa zamu), wafanyabiashara wenzako. Makundi ya WhatsApp siku hizi yanabeba hadi watu 1,024, lakini kundi la wauza vifaa vya ofisi lenye watu themanini litakusaidia kuliko kundi la mji mzima.

Papa_wa_Liège

Dada, hizo tovuti za huku nazijua, nilizitumia kutafuta duka la kununua. Marekani kuna BizBuySell, Uingereza kuna BusinessesForSale, Ufaransa benki ya serikali Bpifrance ina soko lake la biashara zinazotafuta mwenyewe mpya. Anayeingia humo anachagua jimbo au mkoa wake, mara nyingi ana benki nyuma yake ya kumkopesha. Hakuna anayetafuta njia ya Kasapa. Usilipie tangazo huko hata dola moja.

Chukua kwao kitu kimoja tu: namna wanavyoandika. Matangazo mengi hayataji jina la biashara. Wanaandika ni biashara ya aina gani, iko upande gani wa mji, inaingiza kiasi gani, inabakiza kiasi gani baada ya kodi ya nyumba na mishahara, na kwa nini mwenyewe anauza. Jina na anwani mtu anapewa baadaye, akishaonyesha ni mnunuzi kweli na kuweka saini kwamba hatasambaza siri. Ungeandika hivyo, yule mwanafunzi asingejua kitu.

Na ile sababu yako ya Kolwezi usiifiche. Mtu akiona biashara inauzwa, swali lake la kwanza ni "imekufa?" Kumfuata bwana ni jibu ambalo kila mtu analielewa.

Msoma_Sheria

Watu wanasahau bayeri, yaani mwenye nyumba. Kongo iko ndani ya OHADA (umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara) tangu 2012, na sheria zake zinahusu pia kontra za nyumba za biashara. Ukiuza kontra ya nyumba pamoja na kila kitu kinachofanya kazi ile iendelee, bayeri hawezi kukataa hivihivi, labda apeleke sababu nzito mahakamani, ila lazima ajulishwe rasmi. Ukiuza kontra peke yake au na sehemu tu ya vitu, unahitaji ruhusa yake ya wazi. Kwa hiyo kutoikata vipande, Yaya, kunakulinda pia mbele ya bayeri. Una kontra ya maandishi?

Na kama uko kwenye RCCM (daftari rasmi la wafanyabiashara), mnunuzi atalazimika kutangaza mauzo katika gazeti linaloruhusiwa kutoa matangazo ya sheria, ndani ya siku 15 tangu kusaini, ili wanaokudai wajitokeze. Tangazo hilo linakuja baada ya kuuza. Lipa madeni ya karatasi mapema.

Mama_Kampemba

Kwa komisioneri, mimi hapana. Mmoja alinichukulia avansi ya dola 50 "ya kuzungusha wateja", simu ikazimwa siku ya pili. Walio waaminifu wapo, lakini wengi wamezoea nyumba na parsele (viwanja). Akikuletea mtu, mtu huyo anakuja kuhesabu vyumba.

Depo_Kenya

Kabla hujatangaza, piga picha ya namba ya kompteri (kihesabu kurasa) ya kila fotokopi, na rudia kila Jumamosi. Daftari mtu anaweza kuandika usiku mmoja. Kompteri inaonyesha kurasa ulizotoa wiki ile, anazidisha kwa bei yako ya ukurasa, anapata hesabu yake mwenyewe.

Yaya_Burotiki

Aksanti sana. Nimeondoa lile tangazo. Kijana nimemwambia, alinyamaza muda, kisha akauliza kama mnunuzi atambakiza. Nimemwahidi kwamba litakuwa sharti langu. Kontra ipo, ya miaka mitatu, imebaki mwaka na nusu. Nimeandika hivi, nimempa fundi na nimeliweka kwenye makundi mawili ya vifaa vya ofisi:

"Burotiki inayofanya kazi, upande wa kampasi, miaka sita, wateja wa wanafunzi na masekretari. Kodi ya nyumba dola 120, kontra imebaki miezi 18. Fotokopi mbili (moja ya kurekebishwa), kompyuta tatu, grupu, mashine ya kufunga memwari, mfanyakazi anayeijua kazi. Haiuzwi vipande. Mwenyewe anahamia Kolwezi kwa familia. Hesabu na kompteri zinaonyeshwa ana kwa ana."

Wamepiga watatu tu. Wa kwanza hakuuliza bei, aliuliza mwezi gani ni mgumu. Nikamwambia ukweli: likizo, wanafunzi wakirudi kwao, kuna siku tunatoa kurasa ishirini. Anakuja Jumamosi saa mbili asubuhi, akae nasi mezani mpaka tufunge.

Mwana_Katuba

Usifiche ile fotokopi iliyochoka. Iwashe mbele yake.