Naomba ushauri: mawaridi na ubwiri unga wakati wa baridi, Arusha

Wakuu, habari za bustani. Mashina 14 ya mawaridi, Njiro, jua la asubuhi hadi saa saba. Masika yakikatika na baridi ya Juni kuingia, majani machanga hujikunja na kufunikwa na unga mweupe, yaani ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Si yale madoa meusi ya masika. Hayo huletwa na majani kukaa na maji, na yalipungua kwa kumwagilia shinani na kuokota majani yaliyoanguka. Ubwiri hauhitaji jani lililolowa, usiku wa baridi wenye unyevu unautosha.

Hadi sasa: samadi iliyooza ndoo moja kila shina, katikati pamepogolewa pakawa wazi kama kikombe, maziwa sehemu 1 kwa maji 9 kila wiki. Yanasaidia kidogo tu.

Je, kupogoa sana kufanyike Juni, au kusubiri mwisho wa Agosti? Machipukizi ya Julai ndiyo hushikwa kwanza. Pia mafuta ya mwarobaini yamepuliziwa juzi, na sasa nataka kupulizia salfa, dawa ya ukungu, lakini salfa juu ya mafuta huunguza majani. Wiki mbili zinatosha kusubiri, au kwa baridi hii ziongezwe?