Kazi ya kikundi chuoni ng'ambo: saa sita za kikao, ukurasa mmoja. Tunakosea wapi?

daftari_la_mgeni:
Habari wakuu. Kikundi kina watu watano kutoka nchi nne, ripoti ni ya maneno 3,000, zimebaki siku tisa. Kikao cha leo kimekula saa sita na kilichopatikana ni ukurasa mmoja. Wawili walichelewa saa nzima, na kila mmoja ana hakika aliwahi. Zimejitokeza nakala tatu za ripoti. Sehemu ya mbinu za utafiti imefutika kwenye faili ya pamoja ya Google Docs. Orodha ya marejeo inaonyesha makala moja mara mbili, kama 2019a na 2019b. Mmoja hakufungua kinywa, na mwingine anaitikia kila kitu ila sehemu yake haijaonekana tangu wiki iliyopita. Tunatumia Kiingereza, ambacho si lugha ya kwanza ya yeyote kati yetu. Nianzie wapi?

kalamu_nyekundu:
Pole sana. Anza na sehemu iliyofutika, maana hiyo inaokolewa leo hii. Fungua faili kwenye kompyuta ukiwa na ruhusa ya kuhariri (mwenye ruhusa ya kusoma tu haoni historia). Ingia menyu ya faili, chagua historia ya matoleo, rudi nyuma hadi saa ambayo sehemu hiyo bado ilikuwepo. Usibonyeze kitufe cha kurejesha! Kinarudisha waraka mzima ulivyokuwa wakati ule, na waliochapa baada ya hapo watakuta kazi yao haipo. Badala yake tengeneza nakala ya toleo lile la zamani, toa humo sehemu inayohitajika, ibandike kwenye faili ya sasa.

Kisha toa uamuzi mmoja: faili ni moja, zile nakala mbili nyingine zinahamishiwa kwenye folda ya kumbukumbu na haziguswi. Anayesahihisha sehemu isiyo yake atumie hali ya kupendekeza, ili mwenye sehemu aone kilichobadilishwa kabla ya kukubali.

Na jambo ambalo vikundi vingi huligundua wakati wa kugawana alama: kila mtu abandike sehemu yake mwenyewe. Mmoja akikusanya maandishi ya wote kwa barua pepe na kuyabandika, historia itaonyesha jina lake peke yake, kana kwamba wengine walilala.

mkutubi_wa_usiku:
Hiyo 2019a na 2019b inafanana na ugonjwa unaojulikana wa Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo. Watu wawili wamenukuu makala ileile, kila mmoja kutoka maktaba yake binafsi. Programu haijui kwamba ni kitu kimoja, hivyo inaona kazi mbili za mwandishi mmoja katika mwaka mmoja na kuzipa herufi. Kufuta herufi kwa mkono hakusaidii, zitarudi orodha ikijisasisha. Fungueni maktaba ya kikundi, hamishieni vyanzo vyote humo, unganisheni vinavyojirudia, kisha kila nukuu iingizwe upya kutoka humo tu.

Kama kuna aliyeandika kwenye Word, asinakili na kubandika moja kwa moja. Nukuu zitageuka maandishi ya kawaida na orodha haitazitambua tena. Kwenye mapendeleo ya waraka ndani ya Zotero kuna chaguo la kuhamia programu nyingine ya kuandikia. Apitie hapo kwanza.

saa_na_majira:
Kuhusu waliochelewa: inawezekana kabisa wote wanasema kweli. Mjerumani akitaja nusu na tatu kwa lugha yake, anakusudia saa nane na nusu mchana, yaani nusu ya kuiendea tatu yao (saa tisa yetu). Mwingereza akiyatamka maneno hayohayo anakusudia saa tisa na nusu. Hapo saa nzima imepotea na hakuna mzembe. Sisi wenyewe tunahesabu saa tangu jua kuchomoza, kwa hiyo anayefikiri kwa Kiswahili akiandika 4 haraka haraka, anaweza kuwa anakusudia 10:00.

Kama kuna anayejiunga kutoka nchi nyingine, angalieni majira pia. Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Katika wiki chache ambazo upande mmoja umeshabadilisha na mwingine bado, London na New York hupishana saa nne badala ya tano. Andikeni mwaliko kwa tarakimu za saa 24 pamoja na jina la mji, na mwezi kwa neno: 03/04 ni Machi kwa Mmarekani na Aprili kwa Mwingereza.

daftari_la_mgeni:
Sehemu ya mbinu imepatikana, asanteni mno! Na ndiyo, mwaliko uliandikwa kwa maneno. Bado hao wawili: asiyezungumza, na asiyeleta kazi. Nimwandikie mhadhiri sasa?

mratibu_wa_vikao:
Mhadhiri bado, ila karibu. Kwanza rekebisha kikao chenyewe, maana naona chanzo kipo hapo. Watu watano hawawezi kutunga sentensi moja kwa pamoja, tena kwa lugha ya kujifunza. Mnaweza kubishania neno moja nusu saa nzima. Kikao ni cha kuamua, kuandika kunafanyika nje. Dakika 50 zinatosha: tano za kuona kilichokamilika, thelathini za maswali matatu yanayohitaji uamuzi, kumi na tano za kugawa kazi na kuandika nani, nini, lini.

Maswali hayo yatume siku moja kabla. Asiyezungumza mara nyingi bado anaipanga sentensi yake kichwani wakati mada imeshapita. Kikaoni, kabla ya yeyote kusema, wape watu dakika mbili za kuandika jibu kwenye faili, kisha kila mmoja asome lake. Usimshtukize kwa kumtaja jina mbele ya wote. Hilo humfunga zaidi.

Huyo anayeitikia usimuulize "umeelewa?", maana jibu litakuwa ndiyo daima, na ndiyo hiyo inaweza kuwa na maana ya "nakusikia" tu. Muulize: "Utaanza na aya ipi, na utatumia makala zipi mbili?" Asipoweza kujibu, tatizo ni kazi yenyewe kutoeleweka. "Andika mapitio ya machapisho" ni mlima. "Maneno 400, makala nne, aya tatu, hadi Jumatano 18:00" ni kitu anachoweza kukishika.

Mpe hiyo leo kwa ujumbe wa faragha. Jumatano ikipita kimya, andika barua pepe kwa kikundi kizima ukitaja sehemu na tarehe bila lawama. Zikipita saa 24 nyingine, mwandikie mhadhiri na uambatanishe kumbukumbu za vikao. Uliza namna ya kuendelea, usishtaki. Msisubiri hadi baada ya kuwasilisha, kwa sababu hapo hana tena la kurekebisha. Wala msimwandikie sehemu yake kimyakimya.

kalamu_nyekundu:
Naongeza: katika hizo siku tisa, mbili za mwisho ziwe za mhariri mmoja. Asome maneno yote 3,000 kwa sauti, asawazishe istilahi na tahajia (Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani, chagueni sasa hivi), na faili ifungwe kwa wengine wabaki na ruhusa ya maoni tu.