Paa lililobonyea katika nyumba ninayotaka kununua Nkuhungu: niendelee au niache?

Mnunuzi
Ndugu zangu, habari za wakati huu. Nimebakiza hatua chache kununua nyumba ya vyumba vitatu Nkuhungu, hapa Dodoma. Mabati ni ya migongo mipana na hayavuji, lakini ukisimama barabarani unaona kofia ya paa imebonyea juu ya sebule. Nilipanda darini nikakuta kenchi (fremu za pembetatu zinazobeba paa) za mbao za mbili kwa nne, ambazo mbao zake za chini zimeungwa kwa kipande kimoja, tena upande mmoja tu, na baadhi ya mbao za mshazari hazipo kabisa. Muuzaji anasema nyumba ina miaka minane na haijawahi kuleta shida. Je, jibu hilo linatosha? Na nikirudi huko juu, nitazame nini kabla ya kusaini mkataba?

Fundi wa kupaua
Ndugu mnunuzi, kubonyea peke yake hakunitishi. Mbao nyingi tunazopaulia hapa ni za paini kutoka Mufindi, na mara nyingi hupigiliwa zikiwa bado mbichi. Hewa yetu kavu huzikausha zikiwa tayari juu ya ukuta, nazo hujipinda na kulegeza misumari. Unachotakiwa kujua ni kama kilichoshuka ni papi, yaani mbao za juu ya kenchi zinazopigiliwa mabati, au ni kenchi yenyewe. Funga uzi kutoka ncha hadi ncha ya mbao ya chini ya kenchi ya sebuleni, kisha ufanye hivyo kwenye kenchi ya chumbani ambako kuta zimekaribiana, ulinganishe. Ikiwa mbao imenyooka, huenda ukabadilisha papi chache tu. Ikiwa imeshuka, kagua kiungo chake: misumari iliyochomoka nusu, au ufa mweupe usio na vumbi, ni dalili kwamba bado kinaachia, kwa sababu darini kwetu hakuna kitu kinachokaa muda mrefu bila kufunikwa na vumbi.

Mhandisi wa majengo
Nakubaliana na fundi, ila kiungo hicho kinanipa wasiwasi kuliko yeye. Kazi ya mbao ya chini si kushikilia dari tu. Huvutwa pande zote mbili ili miguu ya kenchi isisukume kuta kwenda nje, na kipande cha upande mmoja hukaa pembeni mwa mvuto huo, kwa hiyo hujipinda na kung'oa misumari. Vipande viwekwe pande zote mbili. Kagua pia sehemu ya juu ya kuta za nje za sebule kama zina ufa wa mlalo.

Kuhusu ile miaka minane, inathibitisha tu kwamba paa limeweza kubeba uzito wake. Bati la kawaida halifiki kilo 5 kwa mita ya mraba, ilhali upepo wa kilomita 90 kwa saa una msukumo wa takribani kilo 38 kwa eneo hilo hilo, na kwenye paa lenye mwinamo mdogo sehemu kubwa ya nguvu hiyo hunyanyua. Ndiyo maana ningeanza kwa kutazama jinsi kenchi zilivyofungwa ukutani. Misumari iliyopigwa kimshazari haitoshi. Panatakiwa ukanda wa chuma au nondo iliyotoka kwenye mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta.

Mkazi wa Kizota
Chukua bisibisi uchome ncha za mbao zinazogusa ukuta. Mchwa wa huku hula ndani na kuacha ganda zima, hata rangi haibanduki.

Mnunuzi
Ahsanteni. Nimerudi na fundi: mbao ya chini ya kenchi mbili imeshuka, kuta hazina ufa, mchwa hawapo, lakini hakuna chuma chochote kinachoshika kenchi. Muuzaji yuko tayari kupunguza bei kidogo.

Mhandisi wa majengo
Usikubali punguzo kabla ya makadirio. Kuunganisha upya viungo na kufunga kenchi zote kunawezekana bila kuezua, mradi ubandue mbao za dari pembezoni mwa kuta, na gharama ya kurudishia dari hiyo iingizwe kwenye hesabu. Kenchi zilizoshuka ziinuliwe kwa jeki taratibu na kutegemezwa kwanza, ndipo viungo vipigiliwe. Mwombe pia muuzaji michoro iliyopitishwa pamoja na kibali cha ujenzi cha Halmashauri ya Jiji, uone kama mbao za mshazari zilichorwa. Kama zilichorwa, fundi aziweke zilipochorwa. Kama hazikuchorwa, mhandisi aliyesajiliwa akokotoe upya kenchi za sebule kabla hujalipa chochote.