Nyuki wanajaa mbele ya mzinga kila alasiri: wanataka kuhama?

DadaWaGoba

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Niko Goba. Nina mzinga mmoja wa mbao, wa viunzi, nimeuweka nyuma ya nyumba chini ya mwembe. Mlango wake unatazama ukuta wa jirani, ukuta mfupi unaonifika begani. Nyuki waliingia wenyewe mwishoni mwa masika na sasa kundi limenona. Asubuhi nawaona wakiingia na chavua ya njano miguuni, nadhani ya minazi ya huku bondeni.

Jambo lenyewe ni hili. Jua likiwaka, kati ya saa nane na saa kumi, wanatoka wengi kwa mpigo na hawaendi popote. Wanaelea palepale mbele ya mlango, vichwa vimeelekea mzingani, wanayumba kushoto na kulia. Wengine wanapanda wakizunguka mpaka usawa wa bati. Mvumo wake nausikia nikiwa jikoni. Baada ya muda mfupi wanatulia wote. Siku ya mawingu hawafanyi hivyo. Juzi mvua ilinyesha tangu alfajiri, na jua lilipotoka mchana walijaa kuliko siku zote.

Mama jirani anaanika nguo upande wa pili na ana wajukuu. Amekuja kwa upole kuniuliza kama nyuki wangu wamekasirika. Hajaumwa mtu, lakini hofu yake naiheshimu na nataka nimpe jibu la kweli. Je, wanajiandaa kuhama? Wanaibiwa asali? Na nikiusogeza mzinga hatua kama kumi na tano, mpaka kwenye kona ya migomba, itasaidia au nitaharibu?

BabaMizinga, Chanika

Marahaba mwanangu. Jibu umeliandika mwenyewe pale uliposema vichwa vimeelekea mzingani.

Hao ni nyuki wachanga, wanajifunza kwao. Nyuki mfanyakazi huchukua kama siku 21 tangu yai mpaka kutoboa kifuniko cha chumba chake, na hawa wetu wa Afrika huwahi kidogo. Akitoka hapo haendi kwenye maua. Anasafisha vyumba, analisha majana, yaani watoto wa nyuki, anajenga masega. Zamu yake ya nje ikikaribia, anatoka mchana wakati wa joto, anageuka na kuutazama mlango. Mgeni anayeshuka kwenye daladala mtaa asioujua naye hugeuka hivyo, aishike kona kichwani kabla hajaiacha. Nyuki wako anashika tundu liko wapi, mwembe upande gani, ukuta, pembe ya bati. Anapita nusu duara, tena kubwa zaidi, tena kubwa zaidi, kisha anapanda na kukupotea machoni. Baada ya dakika chache anarudi, miguu mitupu, bila chavua. Mzoefu yeye hachomoki na kugeuka, akitoka ametoka. Chagua mmoja umfuate kwa macho tangu anapoachia ubao wa mlango. Mimi nimefuga miaka mingi na bado naacha kazi kuwatazama.

Ninachokipenda zaidi ni habari ya jua. Karl von Frisch, yule Mwaustria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionyesha kwamba nyuki akicheza juu ya sega anawaelekeza wenzake kwenye maua kwa pembe inayopimwa kutoka kwenye jua. Sasa angalia hapa kwetu Dar. Mwezi wa sita, saa sita mchana, jua liko kaskazini mwetu. Mwezi wa kumi na mbili liko kusini. Nyuki mfanyakazi anaishi wiki chache tu, kwa hiyo anayezaliwa Juni halioni kabisa jua la Desemba. Kila mmoja inambidi ajifunze jua la majira yake, na anaanzia kwenye hiyo michezo ya alasiri unayoiona.

Ndiyo maana nakuomba usiusogeze hatua kumi na tano. Wazoefu watarudi palepale chini ya mwembe, wataukosa mzinga na kurundikana hapo, na nyuki waliopotea karibu na nguo za jirani ni hatari kuliko hawa unaowaona. Ukilazimika, sogeza kidogo kidogo, chini ya mita moja kwa siku.

Fundi_Kigamboni

Naunga mkono. Niongeze tofauti, maana haya mambo yanafanana ukiyaona kwa mbali.

Wezi hawaelei wakitazama mlango kwa utulivu. Wananusa nyufa na mfuniko, na mlangoni utaona vita: nyuki wameshikana, wanaburutana, maiti chini. Kundi linalogawanyika linamiminika nje, linatanda, halafu linaondoka na kushikana kwenye tawi. Halirudi ndani likatulia. Na kundi linalotaka kuhama kabisa kwa kawaida huacha kulea majana, chavua ikakatika. Wewe unaona chavua kila asubuhi, basi ndani kuna majana yanalishwa. Kuwa makini na siafu tu, hao ndio wahamishaji wakubwa. Miguu ya kichanja ipake grisi.

Kuna utafiti ulitoka mwaka 2000 kwenye jarida la Nature: nyuki walibandikwa kiantena mgongoni wakafuatiliwa kwa rada. Ilionekana kwamba nyuki akizidi kuzoea, safari zake za kujifunza hazirefuki kwa muda, ila anaruka kasi zaidi, kwa hiyo anafika mbali zaidi. Mzunguko wa kwanza mlangoni kwako na ule unaopotea juu ya bati ni masomo ya mfululizo mmoja.

DadaWaGoba

Asanteni sana, Mungu awabariki. Leo nimemfuata mmoja kama Baba alivyosema. Kageuka, kayumba, kapanda juu ya mwembe. Nimemwita mama jirani tukatazama wote kwa pembeni, sio mbele ya mlango, na ameelewa. Anachouliza sasa ni wajukuu.

MamaAsali_Mbezi

Mdogo wangu, hapo ameuliza la maana, usilichukulie wepesi. Nyuki wa pwani hii ni wakali wakiguswa. Hao wachanga wa alasiri hawana ugomvi na mtu, ila mzinga ukifunguliwa mchana hali inabadilika. Fungua jioni jua likizama, moshi uwe tayari, na umjulishe jirani mapema awaingize watoto ndani.

Ukuta wako wa begani hautoshi. Inua uzio wa makuti ufike mita 2, kusudi nyuki wakitoka wapande kwanza ndipo wavuke, wapite juu ya vichwa vya watu. Na uweke beseni la maji lenye mawe ya kutua upande wako, wasiende kunywa kwenye nguo mbichi za jirani.

DadaWaGoba

Dada, makuti yakae umbali gani na mlango?

MamaAsali_Mbezi

Mita moja na zaidi kidogo, usiwabane. Simamisha usiku. Kesho yake utaona hata wazoefu wakigeuka na kuelea, kwa sababu mbele ya nyumba yao pamebadilika. Mwambie jirani mapema kwamba siku hiyo watajaa kuliko kawaida.